Mashine ya kuchomea ya TIG, ampia 200 yenye palsi, miezi 5 nikichomea kromoli

Paipu nyembamba za kromoli 4130 (chuma chenye kromiamu na molibdeni) nilikuwa naziogopa kama ukoma, maana kila nikimaliza fremu nikiilaza mezani inachezacheza kama stuli yenye mguu mfupi, ndo nikachukua hii mashine. Ni DC tu (umeme usiogeuka mwelekeo), kwa hiyo wa alumini pita hivi.

Palsi yake, yaani umeme kupanda na kushuka wenyewe, aisee iko vizuri. Paipu ya milimita 1.6 naweka juu ampia 70 hivi, chini asilimia 30 ya hiyo, mapigo mawili kwa sekunde, kila pigo nadondosha rodi ya kujazia, dimbwi la chuma kilichoyeyuka halitanuki hovyo na ile rangi ya joto pembeni inabaki ukanda mwembamba. Pedeli nayo laini, mwisho wa mshono nashuka pole pole so hakibaki kile kishimo kinachokujaga kupasuka baadae.

Ila tusidanganyane, mashine haizuii chuma kupinda. Fremu ya kwanza niliyochoma nayo ilipinda vilevile, kisa nilizunguka paipu nzima kwa mkupuo mmoja nikijiona fundi. Mshono ukipoa unajivuta, na paipu inaufuata. Sasa hivi kwanza napiga tupa mpaka paipu zikae bila mwanya, maana mwanya ukiujaza rodi ndo unavuta zaidi, halafu taki nne (vidoa vidogo vya kushikiza), nachoma robo, nahamia robo inayotazamana nayo, kisha naenda kiungo kingine kabisa hiki kipoe. Klempu sifungui mpaka naweza kushika kwa mkono mtupu. Na usimwagie maji wala kupuliza upepo wa kompresa! 4130 ina kaboni kama asilimia 0.3, ukiipoza ghafla pembeni ya mshono panakuwa pagumu halafu panakatika kama kioo. Rodi natumia ER70S-2, nguvu zake chini kidogo ya 4130 yenyewe lakini inavumilia kuvutwa.

Kilichoniudhi ni tochi, inapozwa na hewa, ukikaa ampia 150 dakika kadhaa mpini unachoma hadi ndani ya glavu. Halafu agoni ya kumalizia (gesi inayoendelea kutoka ukishazima moto) wameiseti sekunde 3, tangsteni (ile ncha ya tochi) ikawa inatoka bluu kila mara, nikapandisha 8 ikatulia. Kitabu chao palsi kimeielezea mistari miwili tu, sijui walikuwa wanabana karatasi!

Naipa nne kwa tano, tochi yao nimeitundika ukutani natumia nyingine.