Pistoni ya sikio: kipimo ni muhimu kuliko malighafi yake

Kwenye ugonjwa wa otosklerosisi, kikuku, mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kinaganda kwenye kidirisha cha sikio la ndani. Nyundo na fuawe, mifupa jirani yake, zinacheza, kikuku hakichezi, sauti inaishia hapo. Pistoni inashika kazi yake. Daktari John Shea aliweka kikuku cha Teflon, aina ya plastiki, huko Memphis, Marekani, mwaka 1956. Cha leo ni kijiti cha Teflon au titani, unene milimita 0.4 hadi 0.6, urefu kama 4.5, chenye kulabu ya kuning'inia kwenye fuawe.

Ni kifaa kizuri sana. Kwa mpasuaji mzoefu, kwa wagonjwa kama tisa kati ya kumi, pengo kati ya usikivu wa hewa (sauti ikipita tundu la sikio) na wa mfupa (ikipita mfupa wa kichwa) linabaki desibeli 10 au chini.

Watu wanauliza Teflon au titani. Sisi tunauliza nani anapima. Daktari anakunja ngoma ya sikio, anasogeza mshipa wa ladha, anapima toka fuawe hadi bamba la kikuku, anaondoa miguu ya kikuku, anatoboa bamba tundu linalozidi pistoni kidogo tu. Pistoni fupi inachomoka. Ndefu inaleta kizunguzungu. Kulabu ikilegea, sauti inakatikakatika. Ikibanwa mno, ncha ya fuawe inakosa damu, inalika, na miaka baadaye pistoni inadondoka. Kulabu ya nitinoli, aloi ya nikeli na titani inayojifunga kwa joto, inapunguza kazi hiyo ya kubana kwa mkono.

Hapa Lubumbashi kuna mtego mmoja: kelele za migodi. Sikio lililochoshwa na mashine linashuka kwenye hezi 4000, hewa na mfupa pamoja, na pistoni haitamfaa kitu mtu huyo. Kwenye otosklerosisi mstari wa hewa uko chini, wa mfupa uko juu, ukiwa na kishimo karibu na 2000. Papa au mama asikate tikiti ya Johannesburg kwenda kupasuliwa kabla daktari wa ORL (masikio, pua na koo) hajamwonyesha mistari yote miwili kwenye odiogramu, chati ya kipimo cha usikivu.

Karibu sikio moja kati ya mia linaweza kuwa kiziwi kabisa baada ya upasuaji, kwa hiyo linaanza lile baya zaidi, na la pili linangoja miezi mingi. Hakuna kupenga kamasi, kubeba mzigo wala kuingiza maji wiki za kwanza. Ndege ni mpaka mpasuaji aruhusu, basi hesabu pesa za kulala huko. Na dai kadi ya pistoni: Teflon na titani hazina shida na IRM (MRI, kipimo cha picha kwa sumaku), ila baadhi ya pistoni za zamani za chuma zinavutwa na sumaku.