Tahadhari: saa "mpya za Dubai" zilizofungwa nailoni, Unguja na Pemba

Assalamu alaikum ndugu zangu.

Nilikusudia kuyanyamazia haya ya kuuziwa saa bandia mpaka polisi wamalize kazi yao. Lakini juzi usiku nimeliona tena Instagram tangazo lile lile la aliyetuuzia: boksi lile lile, mkono ule ule ulioshika saa, na maneno "mzigo wa Dubai, mpya, bado kwenye nailoni". Chini yake watu wanauliza bei, na mmoja wao namjua, anatafuta saa ya bwana harusi. Nimeshindwa kulala. Jina la muuzaji sitalitaja kwa kuwa kesi ipo, na laini za simu anabadilisha kila mara. Nitakachoeleza ni namna alivyotupata, ili akikujia na jina jengine umjue.

Baba yetu amestaafu mwaka huu. Amesomesha skuli za Unguja zaidi ya miaka thelathini, na muda wote huo mkononi alikuwa na Seiko 5 moja, kioo kimekwaruzika hata tarehe huisomi mpaka uiinamishe kwenye mwanga. Watu wa rika lake wanaijua saa hiyo. Haina betri, inajitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, na Wajapani wanaitengeneza tangu 1963. Ndugu watano tukakaa tukakubaliana tumnunulie saa moja ya maana, ya mwisho wa umri wake, inshallah umri mrefu. Mmoja wetu yuko Maskati, mmoja Wete, watatu tuko hapa mjini. Tukachanga. Dhahabu hatukuifikiria kabisa, Baba havai dhahabu. Tukachagua Longines HydroConquest ya chuma, uso wa buluu, saa ya kuzamia ambayo kiwanda kinaidhamini hadi mita 300 za maji. Tulisema hii hata akiisahau mkononi akaingia nayo pwani, haina neno.

Kwa wakala rasmi saa hiyo wakati ule ilikuwa inakwenda kama dola 2,000, ikizidi au ikipungua kidogo kulingana na toleo. Muuzaji wetu alitaka shilingi 3,700,000, yaani kama dola 1,450.

Naomba mtulie hapo kwenye bei, maana ndipo tulipokamatwa. Tangu jambo hili litoke, kila anayetusikia anatuambia "rahisi huvunja upishi". Ndugu zangu, haikuwa rahisi. Angetutajia laki tatu tungemwambia nenda zako siku ile ile. Yeye alichagua punguzo ambalo mtu aliyefanya utafiti kidogo analiona linawezekana, na kweli linawezekana. Yapo maduka Dubai, Hong Kong, Ulaya na Marekani ambayo si mawakala wa kiwanda, yananunua saa zilizowalalia mawakala na kuziuza kwa bei ya chini. Saa ni ya kiwanda hasa, ila garantii mara nyingi inakuwa ya duka, si ya kiwanda. Kwa Longines, Tissot, hata baadhi ya Omega, kupata chini ya bei ya wakala kwa asilimia 20 au 30 katika maduka hayo si jambo la ajabu. Mimi mwenyewe nililisoma hilo, nikawaambia wenzangu, nikawatoa wasiwasi. Tapeli huyu anajua kwamba mnunuzi wa saa ya thamani husoma kwanza, kwa hiyo alijipanga pale pale usomaji wetu ulipoishia.

Tulikutana naye kwenye mkahawa mmoja Shangani, mchana, watu wamejaa. Kijana mtulivu, kanzu safi, anaongea kwa adabu. Akaitoa saa. Kabla hatujamuuliza, yeye mwenyewe akasema: "Dada, msiniamini mimi. Ipelekeni kwa fundi yeyote mnayemtaka, mimi nitafuatana nanyi." Tukaenda hadi Mkunazini kwa fundi saa tunayemwamini, mzee ambaye amekuwa akimtengenezea Baba Seiko yake. Akaifungua kwa nyuma, akaweka lenzi jichoni, akanyamaza kitambo. Akasema, "Hii ya kweli." Na ilikuwa ya kweli, wallahi mpaka leo sina shaka nayo.

Lakini ile haikuwa yetu. "Hii ni ya mteja mwengine," akasema yule kijana, "yenu itakuja mpya kabisa, wiki moja." Tukampa arubuni, shilingi 1,500,000. Siku ya nane akaleta boksi. Ndani ya boksi saa imefungwa nailoni ngumu iliyobana, stika juu ya kioo, stika kwenye kifuniko cha nyuma, kadi ya garantii ina muhuri. Akatuonya kwa upole: msiifungue nailoni, ikifunguliwa si mpya tena na garantii inakufa, mwacheni Mzee aifungue kwa mkono wake. Tukaona ni maneno ya mtu muungwana. Tukammalizia pesa yake.

Ule ulikuwa uongo mtupu, na ndio moyo wa utapeli wenyewe. Garantii haihusiani na nailoni. Inahesabiwa tangu tarehe ya kuuziwa, ambayo wakala anaisajili. Tena wakala wa kweli huifungua saa mbele yako: huibandua stika, huitia majira, na kama ni ya cheni huipima kwenye mkono wako na kutoa pingili zilizozidi, maana cheni hutoka kiwandani ndefu na karibu kila mkono unahitaji ipunguzwe. Anayekukataza kufungua anakukataza kuona. Nailoni ile iliilinda saa bandia isiguswe na fundi wetu.

Baba aliifungua usiku wa dua nyumbani, wajukuu wamemzunguka. Nisikuelezeni sana usiku ule.

Wiki mbili baadaye dada yangu mdogo akamwona Baba anatoka kwenda Ijumaa na Seiko yake ya zamani. Akamuuliza. Baba akasema, "Ile mpya naitunza." Mama ndiye aliyetuambia ukweli: siku ya nne tu, baada ya kutia udhu, kioo kilifanya ukungu kwa ndani. Saa ya mita 300, maji ya udhu! Kisha ikawa inabaki nyuma dakika nne, dakika tano kwa siku, mpaka Alfajiri moja akafika msikitini jamaa imeshapita. Akaivua, akaikausha kwa kitambaa, akaiweka kabatini ndani ya boksi lake. Hakutaka watoto wake wajue kama pesa yao imepotea. Hilo linaniuma kuliko zile milioni tatu na laki saba.

Tukarudi kwa yule mzee Mkunazini. Safari hii hakunyamaza. Chini ya kifuniko cha nyuma hapakuwa hata na mpira wa kuzuia maji. Mashine haina jina wala namba. Akaiweka juu ya kifaa chake cha kusikilizia mapigo: saa ya kweli ya aina ile hupiga mara 25,200 kwa saa, yaani mara saba kila sekunde, hii ilisoma 21,600 na mstari wake umepinda. Kwa nje, ndugu zangu, huwezi kujua. Uso, maandishi, nembo ya mabawa, neno "Swiss Made", vyote viko sawa, kwani kuchapa maandishi si kazi kwa mtu yeyote. Mzee wa watu hakutaka hata shilingi yetu.

Muuzaji alipopigiwa kwanza alisema atabadilisha. Kisha akasema tumeiharibu wenyewe. Kisha laini ikawa haipatikani.

Pengine mambo yangeishia hapo, tukabaki neno letu na neno lake. Kaka yetu wa Wete ndiye aliyepata ushahidi. Alikuwa akisimulia kisa hiki kazini, mwenzake akamwambia kuna bwana Chake Chake amenunua saa kama hiyo kwa kijana kama huyo. Wakaonana, wakatoa kadi, wakaziweka pamoja. Namba ni ile ile. Saa mbili, moja Unguja na moja Pemba, namba moja, na kiwanda kila saa huipa namba yake peke yake. Tunachodhani ni kwamba namba ile imenakiliwa kutoka kwenye saa ya kweli aliyotuonyesha mkahawani.

Tumeripoti polisi, tuna RB, yaani namba ya taarifa yetu. Namba za simu alizotumia tumezituma 15040, ambayo ni ya kuripoti laini za matapeli. Risiti tuliyonayo ni karatasi ya kitabu cha dukani, jina la duka limeandikwa kwa kalamu. Risiti ya kielektroniki ya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, hatukuidai, na tulipaswa kuidai kabla ya kutoa senti.

Kwa anayetaka bei nzuri kweli kweli, nasema ninayoyajua sasa. Kwanza fungua orodha ya mawakala kwenye tovuti ya kiwanda chenyewe, tafuta mji, ujue nani ni nani. Kaka yetu wa Maskati alitwambia tangu mwanzo aende kwa wakala, sisi tukaona ghali. Hatukuuliza hata kama angepunguziwa. Wakala wa Longines au Tissot unaweza kuongea naye ukapata punguzo, hasa kwa toleo linaloondoka au ukilipa taslimu, na garantii ikabaki ya kiwanda. Ukinunua Dubai na wewe ni mgeni si mkaazi wa kule, ile kodi ya asilimia 5 unarejeshewa sehemu yake kubwa uwanja wa ndege, mradi umeomba dukani na kuonyesha pasi. Ukijumlisha viwili hivyo unakuta tofauti na "bei ya mzigo" imebaki ndogo mno. Kama unataka duka lisilo la wakala, sawa, ni halali, lakini lipia saa ile ile iliyoshikwa na fundi, namba yake umeiandika mwenyewe, na uondoke nayo. Arubuni kwa saa usiyoiona usitoe.

Rolex ni habari nyengine. Tangazo lile sasa linasema kuna Submariner, saa yao ya kuzamia, mpya kwa punguzo la theluthi. Rolex mpya huuzwa kwa mawakala tu, kampuni haiuzi saa mpya kwa intaneti, na mawakala hawapunguzi. Saa zake za chuma zinazotafutwa sana watu huzisubiri kwenye orodha, na mara nyingi iliyokwisha kuvaliwa huuzwa zaidi ya bei ya dukani. Basi nani atakupa mpya kwa theluthi pungufu? Na mkiona Submariner yenye kioo nyuma ili uone mashine ikicheza, kiwanda hakiitengenezi hivyo.

Yule bwana wa Chake Chake anavuka kwa boti Jumatatu na saa yake, tunakwenda kituoni pamoja. Afisa anayeshughulikia ametwambia wakipatikana watu wengi zaidi wenye namba ile ile, kazi yake inakuwa nyepesi. Kama ulinunua saa kwa namna hii, au ulimnunulia mzee wako na hujaikagua, ipeleke kwa fundi wiki hii, kisha nitumie ujumbe unitajie namba ya kadi, nami nitakujibu kama ni hii. Boksi, kadi, hata vipande vya nailoni, msitupe. Sisi yetu Mama aliikuta bado kwenye mtoto wa meza, Baba ameikunja vizuri.