Mawimbi ya Matema mwezi wa saba: mimi na ubao wangu wa povu

Nilitoka Uyole, Mbeya, na masweta mawili mwilini na ubao wa povu wa futi sita, wa kuteleza juu ya mawimbi, kwapani. Konda wa Kosta akaniuliza kama nimebeba mlango wa friji. Nikalipia mzigo, tukateremka Tukuyu, na Ipinda nikapanda Noah. Kufika Matema masweta yote yalikuwa begini.

Wengi wanaoisifu Matema husifia utulivu. Mimi nilifuata fujo. Mwezi wa tano hadi wa nane ni msimu wa mwera, upepo wa kusini-mashariki ambao ndugu yake watu wa Pwani wanamwita kusi. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500, limelala kusini kwenda kaskazini, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini kabisa. Mwera ukikaza, mawimbi yanakua njia nzima na kuja kumwagikia pale ulipotandika kanga.

Siku ya kwanza, bure. Maji kioo, Milima ya Livingstone imejitazama humo kama bibi harusi. Nikala samaki aitwaye mbasa na wali wa Kyela, nikalala.

Siku ya pili, kwenye saa tano asubuhi, mitumbwi ilianza kuvutwa juu mchangani. Nusu saa baadaye wimbi lilikuwa linanifika kifuani. Sasa, kama umezoea Coco Beach, jiandae upya. Wimbi la bahari limetoka mbali, linakupa muda wa kujipanga. La ziwa ni mtoto wa upepo uleule unaokupiga usoni: fupi, limesimama wima, na mwenzake yuko mgongoni kwake. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne, na lingine hilo. Hujapangusa macho! Halafu maji yasiyo na chumvi hayabebi sana; ubao ulionielea vizuri Dar hapa ulizama kidogo chini ya kifua changu, na kupiga makasia kwa mikono kukawa kazi ya shamba.

Katikati ya ufukwe wimbi linaanguka lote kwa mpigo, huna pa kukimbilia. Raha niliikuta upande wa mashariki, milima inapoingia majini. Pale wimbi linagusa mawe kwanza, linaanza kupasuka upande mmoja, kisha linakimbia kuelekea mchangani. Katika majaribio kama ishirini nilisimama mara tatu. Ya tatu niliteleza kama hatua kumi na tano, nikapiga yowe ambalo watoto waliokuwa wanafua waliliiga jioni nzima. Ila ni mawe yaleyale yatakayokupasua goti ukichelewa kugeuka, na mwokoaji sikumwona hata mmoja.

Ubao sitausema sana. Kamba ya mguuni, ambayo muuzaji aliniapia haikatiki, ilikatika siku hiyohiyo. Ubao ukatangulia, mimi nikafuata kwa kuogelea. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu akaupokea mchangani, akaugeuza huku na huku.

"Mwanangu, kwenye mtumbwi huu mtu anakaa wapi?"

"Hakai, baba. Anasimama juu yake."

"Na mwera huu?" Akacheka, akanirudishia. Kisha akanionya nisisogelee midomo ya mito, kuna mamba. Mimi naongeza kichocho: ziwa hili linacho, kwa hiyo ukirudi nyumbani nenda kapime.

Ufukwe naupa nyota nne. Moja nimeipunguza kwa sababu unaweza kukaa siku tatu ukingoja upepo, na mimi likizo yangu ilikuwa ya siku nne. Kamba naipa nyota moja, tena kwa kuwa Jumamosi nilinunua chungu cha Wakisi kwenye mnada wa Lyulilo, nikakifungia nayo juu ya Noah. Kilifika Uyole kizima.