Mlo wa keto kwenye meza ya Bukavu: je, unapunguza uzito kweli?

Ndugu watazamaji, habari zenu. Kwa kawaida hapa tunachambua vitu vinavyokuja na boksi na garantii: simu, majiko ya makaa, betri za sola. Leo bidhaa yetu ni mlo, na nimeuchagua kwa sababu hapa Bukavu unauzwa sasa kama bidhaa nyingine yoyote. Unaingizwa katika kundi la WhatsApp, unalipa kwa simu, kisha unatumiwa faili lenye kurasa chache za maelekezo, picha ya mama aliyekuwa na kitambi na ambaye sasa hana, pamoja na ahadi kwamba ukiacha wanga, yaani bugali, wali, mkate, viazi, ndizi na sukari, mwili utaanza kuunguza mafuta yake wenyewe hata kama unakula nyama mpaka ushibe. Wauzaji wengine huongeza chai na vidonge. Ninachotaka kuchambua ni kama mlo huu unapunguza uzito, na kama unaupunguza, ni kwa njia ile inayotangazwa au kwa njia nyingine.

Najua baadhi yenu mnangoja niseme kwamba ni utapeli mtupu. Siwezi kusema hivyo, kwa sababu si kweli. Kupunguza wanga ili kupunguza mwili ni jambo lililokuwapo kabla ya mitandao na hata kabla ya mji wetu: mwaka 1863 William Banting, mwandaaji wa mazishi wa London, alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopungua baada ya kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Mlo wa keto wenyewe ulizaliwa hospitalini. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliupendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na mpaka leo madaktari wanautumia kwa watoto ambao dawa hazikuwatuliza. Mwaka 1972 daktari mwingine wa Marekani, Robert Atkins, akaufanya mlo wa aina hiyo kuwa maarufu kwa watu wanaotaka kupungua. Kwa hiyo mwenye faili la WhatsApp hakubuni kitu. Anauza kilichokuwa bure.

Sasa tuangalie unavyofanya kazi. Mtu anayefuata keto kwa ukali hula gramu 20 hadi 50 tu za wanga kwa siku nzima. Ili mpate picha, gramu 100 za unga mkavu wa muhogo zina zaidi ya gramu 80 za wanga, maana yake gramu 60 hivi za unga, kiasi ambacho mtoto wa shule hawezi kushiba nacho, zinamaliza posho yote ya siku kabla hujahesabu kitunguu na nyanya za mchuzi. Wanga ukikosekana kwa siku chache, ini huanza kutengeneza ketoni kutokana na mafuta, na ubongo, ambao kwa kawaida hutegemea sukari ya damu, hukubali kutumia ketoni hizo. Ndiyo maana pumzi ya wengine hubadilika harufu: ni asetoni, ketoni mojawapo, inayotoka mapafuni. Mpaka hapo faili linasema kweli.

Penye mchezo ni kwenye wiki ya kwanza. Mwili huhifadhi akiba ya wanga ndani ya misuli na ini, akiba inayoitwa glikojeni, ambayo kwa mtu mzima hufika gramu 400 hadi 500 hivi, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushikana na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha bugali ghafla, akiba hutumika, maji yake hutoka kwa mkojo, na mizani inaonyesha kilo moja na nusu au mbili zimeondoka kabla mafuta ya tumbo hayajaguswa kwa kiasi cha kuonekana. Shuhuda nyingi mnazoziona katika makundi hayo, zile za «siku tano, kilo mbili», zinatoka hapa, na wanaozitoa hawasemi uongo, wanapima maji. Siku wanayorudi kula sahani moja ya kweli ya bugali, akiba inarudi pamoja na maji yake, halafu wanajilaumu kwamba wameharibu kazi ya wiki nzima.

Lakini baada ya maji, je, mafuta nayo yanaondoka? Yanaondoka, ndiyo, na hapa inafaa tuache shuhuda tutazame vipimo. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya utafiti wa watu wazima 609 wenye uzito uliozidi, waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili: kundi moja lilipunguza mafuta, la pili likapunguza wanga, na yote mawili yaliambiwa yale mboga kwa wingi na kuepuka sukari na unga mweupe. Baada ya miezi 12 waliopunguza mafuta walikuwa wamepoteza wastani wa kilo 5.3, na waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Kilichonivutia zaidi ni kwamba ndani ya kila kundi kulikuwa na watu waliopoteza zaidi ya kilo 20 na wengine walioongezeka. Ingekuwa siri iko katika wanga peke yake, makundi hayo yasingefanana namna hiyo.

Kuna kazi nyingine iliyo karibu nasi zaidi, kwa kuwa iliongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, na ikachapishwa mwaka 2022 na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba. Walikusanya majaribio 61 yenye washiriki karibu 7,000 yaliyolinganisha mlo wenye wanga kidogo na mlo wenye uwiano wa kawaida. Tofauti ya uzito waliyoipata ilikuwa kama kilo moja, katika miezi ya mwanzo na hata baada ya mwaka mmoja hadi miwili. Kilo moja ni ndogo kuliko ile ambayo mizani ya nyumbani hupandisha na kushusha kati ya asubuhi na jioni.

Mwenye faili atajibu kwamba nimesahau insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Hoja yake ni hii: wanga hupandisha insulini, insulini hufungia mafuta mwilini na kuleta njaa, hivyo mtu akila wanga lazima anenepe. Ni hoja nzuri kuisikiliza, na ilipimwa. Kevin Hall, wakati huo mtafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, aliwaweka watu 20 ndani ya kituo cha utafiti kwa majuma manne. Majuma mawili walikula keto yenye nyama kwa wingi, majuma mawili mengine wakala mlo wa mimea wenye mafuta kidogo na wanga mwingi, na katika milo yote miwili waliruhusiwa kula kiasi walichotaka. Matokeo yalitoka mwaka 2021: kwenye wanga mwingi, insulini ilipanda kama ilivyotarajiwa, lakini watu hao walikula wastani wa kilokalori karibu 700 pungufu kwa siku kuliko walipokuwa kwenye keto. Utafiti wa watu 20 kwa majuma manne haumalizi mjadala, ila unatosha kuonyesha kwamba wanga wenyewe haulazimishi mtu kunenepa.

Basi kwa nini watu wengi wanapungua kweli wakifuata keto? Kwa maoni yangu jibu liko mezani. Ukimwondolea mtu wa Bukavu bugali, umemwondolea sehemu kubwa ya nishati anayokula kwa siku. Ukimwondolea na soda, ambayo chupa yake ya sentilita 33 ina gramu kama 35 za sukari, na mandazi ya asubuhi, na chupa kubwa ya bia ya jioni, na kasiksi, yaani pombe ya ndizi, ya Jumapili, hakuna namna asipungue. Kinachobaki ni nyama, samaki, mayai na mboga, na protini hushibisha kuliko unga. Anakula kidogo bila kuhesabu chochote. Hiyo ni faida ya kweli ya mlo huu na sitaificha: kwa mtu ambaye hawezi kula nusu ya kitu, katazo la moja kwa moja ni rahisi kulifuata kuliko kipimo.

Ila katazo hilo lina bei, na bei hiyo inaonekana sokoni. Nenda Kadutu au Nyawera ukiwa na fedha zile zile za kulisha watu sita kwa bugali, maharage na sombe, yaani majani ya muhogo, kisha jaribu kuwashibisha watu hao hao kwa nyama ya mbuzi, mayai na fromage, yaani jibini, ya Masisi. Hata nusu yao huwafikii. Muhogo unaliwa kwetu kwa sababu ndicho kitu kinachojaza tumbo kwa fedha kidogo, na mpango wowote wa chakula usiotambua hilo umeandikwa kwa ajili ya watu wengine. Nafuu yetu ni sambaza. Samaki hawa wadogo, walioletwa katika ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hawana wanga, wana protini na madini mengi ya chokaa kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao, na bado mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuwanunua. Ongeza lengalenga (mchicha), kabichi, biringanya na avoka, ambayo wanga wake mwingi ni nyuzinyuzi tu, na utaona kwamba keto ya Kivu inawezekana bila kununua unga wa lozi kutoka ng'ambo. Faili nililoonyeshwa linataja unga wa lozi mara nyingi na halitaji sambaza hata mara moja.

Linalonisikitisha zaidi ni maharage. Kwa sheria ya keto yanakatazwa, kwa kuwa kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina gramu 40 hivi za wanga. Lakini sehemu kubwa ya wanga huo ni nyuzinyuzi na aina nyingine zinazosagwa polepole, protini imo, bei ni nafuu, na sioni mtu aliyenenepa kwa maharage. Kuyaondoa katika chakula cha Mkongo ili kutimiza hesabu ya gramu ni kuharibu kilicho kizuri. Upande wa pili, faili linaruhusu mafuta bila kikomo, na hapo wapenzi wa sombe wanahitaji tahadhari: kijiko kimoja kikubwa cha mawese kina kilokalori karibu 120, nusu hivi ya mafuta hayo ni yale yanayoweza kupandisha kolesteroli mbaya, na sufuria yetu ya sombe haipikwi kwa kijiko kimoja.

Kuna pia suala la kula pamoja. Bugali huwekwa katikati na kila mkono unakata kutoka hapo. Anayekataa sahani hiyo kwenye matanga, kwenye harusi na nyumbani kwa shangazi lazima ajieleze kila mara, na mama mkwe hatakubali maelezo yoyote kuhusu ketoni. Mwaka mzima wa kujieleza ni mrefu.

Sasa usalama, na hapa naomba msiruke mbele. Mwenye kisukari cha aina ya pili anaweza kufaidika na kupunguza wanga, kwa maana sukari ya damu hushuka kweli, na shirika la kisukari la Marekani lilikubali hilo katika ripoti yake ya mwaka 2019. Lakini akiwa anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi, kisha akaacha bugali bila kupunguziwa dawa, sukari inaweza kushuka mpaka akazimia. Hilo ni jambo la kupanga na daktari kabla ya kuanza. Vivyo hivyo kwa mwenye ugonjwa wa figo na kwa anayemeza dawa za shinikizo la damu. Mjamzito na mama anayenyonyesha wasiuguse mlo huu. Wengine wenye afya wategemee kuumwa kichwa na kuchoka siku za mwanzo, kwa sababu chumvi hutoka pamoja na yale maji, na kufunga choo ikiwa mboga ni chache.

Uamuzi wangu kuhusu bidhaa ni huu. Faili msilinunue, na chai na vidonge vyake hata msiviulizie bei, kwa kuwa hakuna chai inayounguza mafuta. Mlo wenyewe, kwa mtu mwenye afya na kipato cha kutosha ambaye anapenda nyama na samaki kuliko unga, unafanya kazi sawa na mingine, na atakayeweza kuushika mwaka mzima atapungua. Kwa wengi wetu ningeshauri njia isiyo na jina: ondoa soda, sukari ya chai, mandazi na bia kwanza, punguza bonge la bugali mpaka nusu na ujaze nafasi hiyo kwa lengalenga na maharage, sambaza wawe wengi, pima uzito mara moja kwa juma, asubuhi, kabla ya kula, na usihukumu chochote kwa mizani ya juma la kwanza.

Maswali yenu yaandikeni hapa chini. Wenye kisukari watakaoniuliza wapunguze vidonge vingapi sitawajibu. Hilo ni la daktari anayewatibu.