Mwali wa CEBAF: mtulivu na wa bure, ila jiandae kwa foleni na kukatika

Anayetaka kupima ndani ya protoni kwa elektroni hana maduka mengi ya kuchagua. Mainz, Ujerumani, kuna MAMI, mashine nzuri ya kuongeza kasi ya elektroni, inayoishia GeV 1.6 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe). CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, kuna mwali (mkondo mwembamba wa chembe) wa GeV 160 wa muoni, ndugu wazito wa elektroni, lakini muoni zake ni chache mno kwa kipimo kinachohitaji mgongano baada ya mgongano kwa mabilioni. Katikati yake ipo CEBAF, mashine ya elektroni ya maabara ya Jefferson, Newport News, Virginia, ambayo tangu upanuzi wake ukamilike mwaka 2017 hupeleka mwali kwenye kumbi nne za majaribio (A, B, C na D) kwa pamoja.

Namba inayotangazwa sana ni GeV 12. Kwetu hiyo si sababu ya kuichagua. CEBAF inastahili kuombwa muda wa mwali kwa sababu ya utulivu wa mwali wake. Elektroni huzunguka njia ya chini ya ardhi yenye umbo la uwanja wa riadha, karibu kilomita 1.4, zikisukumwa na kaviti (vyumba vya mawimbi ya umeme) za metali ya niobi zilizopoozwa kwa heli hadi kelvini 2. Niobi ikiwa na baridi hiyo hupoteza nishati kidogo sana, kwa hiyo mashine haina haja ya kupumzika kati ya mpigo na mpigo. Elektroni hufika kwa vifungu vidogo kila baada ya nanosekunde chache, mfululizo. Vitambuzi havifurikwi kwa ghafla kisha vikakaa bure.

Faida ya mfululizo huo inaonekana zaidi kwenye vipimo vya nguvu dhaifu, mojawapo ya nguvu nne za msingi za asili. Q-weak, jaribio lililokusanya data Ukumbi C kati ya 2010 na 2012, ililenga hidrojeni kioevu kwa mkondo wa mikroampea 180 na kutafuta tofauti ya mtawanyiko kati ya elektroni zenye spini (mzunguko wa ndani wa chembe) ya kulia na za kushoto. Tofauti iliyopatikana ni sehemu 226.5 kwa bilioni, na kosa la 9.3. Chaji dhaifu ya protoni (kiasi inachoguswa na nguvu dhaifu) iliyotokana nayo, 0.0719 kwa kosa la 0.0045, inakubaliana na nadharia iliyopo, na hivyo kubana nafasi ya nguvu mpya kujificha.

Kipimo kidogo kiasi hicho huharibika kwa njia ambazo mgeni hazitarajii. Spini hupangwa na leza inayopiga fuwele ya galiamu aseni, na mwelekeo hugeuzwa mara mamia kwa sekunde (Q-weak ilifika 960). Kama leza ikihama kidogo kila inapogeuzwa, mwali nao huhama, na mhamo wa nanomita chache huonekana kama fizikia mpya. Tiba ni tatu, na zote hutumika kwa pamoja: kuingiza bamba la nusu-wimbi kwenye njia ya leza ili alama ya jibu (chanya au hasi) igeuke bila kugusa kingine chochote, kuupiga mwali teke makusudi kwa koili ili kujua kila mhamo unachangia kiasi gani, na kupima spini kwa zaidi ya polarimita (kipima-spini) moja. Timu inayopanga kutegemea polarimita moja isitume ombi.

Shabaha, yaani kitu kinachopigwa na mwali, ndiyo inayoumiza vichwa zaidi. Mwali wa Q-weak ulimwaga zaidi ya kilowati 2 ndani ya hidrojeni, nayo ikianza kuchemka, msongamano hubadilika na kelele hupanda. Ndiyo maana mwali hutandazwa kwenye mraba wa milimita chache badala ya kuchoma nukta moja, na pampu huzungusha kioevu kwa kasi. Mwali ukikatika, hita inapaswa kuchukua nafasi yake mara moja, la sivyo hidrojeni huelekea kuganda.

PREX, jaribio la Ukumbi A, ilikuwa na mtihani mgumu zaidi: shabaha ya metali ya risasi. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 na hupitisha joto vibaya. Wakaibana karatasi ya risasi ya nusu milimita kati ya bamba mbili nyembamba za almasi, ambazo huchota joto na kulipeleka kwenye fremu iliyopoozwa kwa heli. Hata hivyo shabaha huchakaa na unene wake kuwa wa mawimbi, kwa hiyo utandazaji wa mwali lazima uende sambamba na ugeuzaji wa spini; bila hivyo kila kipimo kinaangukia unene tofauti. Pia mionzi huua mipira ya kuzibia ombwe. Awamu ya pili iliondoa udhaifu huo, na mwaka 2021 ikatoa unene wa ngozi ya nyutroni (tabaka la nyutroni zinazozidi nje ya protoni) ya kiini cha risasi-208: femtomita 0.283, kosa 0.071 (femtomita ni sehemu ya milioni ya nanomita).

Ukumbi B hutumia mkondo mdogo zaidi, kwa nanoampea. Jaribio la PRad lilipima humo nusu-kipenyo cha protoni kwa gesi ya hidrojeni isiyofunikwa na dirisha lolote, maana elektroni zinazotawanywa na dirisha ndizo zilizokuwa zikichafua vipimo vya pembe ndogo. Jibu lake, femtomita 0.831, liliegemea upande wa vipimo vya hidrojeni ya muoni (ambayo elektroni yake imebadilishwa na muoni) na si 0.8775 ya zamani. Humo humo jaribio la HPS huwinda fotoni nzito, mjumbe wa nguvu isiyojulikana, kwa kuweka vitambuzi vya silikoni nusu milimita tu kutoka kwenye mwali. Hapo mkia wa mwali ukipanuka kidogo, silikoni inaungua. Hadi sasa hakuna ishara iliyopatikana.

Malalamiko yapo. Nishati iliyoandikwa kwenye ombi si lazima iwe utakayopewa: CLAS12, kitambuzi cha Ukumbi B, ilifanya kazi kwa GeV 10.6 mwaka 2018 na 10.2 mwaka 2019, kwa sababu kaviti hupoteza uwezo kadiri zinavyotoa elektroni zisizotakiwa kutoka kwenye kuta zake. Hesabu mapema kama jaribio lako linabaki na maana nishati ikipungua kiasi hicho. Kaviti mpya zina kasoro ya kuyumba kwa mitetemo midogo, na mwali hukatika mara kwa mara kwa muda mfupi. Kwenye ratiba usihesabu kila saa kuwa saa ya data. Umeme ukikosekana muda mrefu ni balaa kubwa zaidi: kimbunga Isabel cha Septemba 2003 kiliiacha mashine ikapata joto, na kuipooza tena si kazi ya siku moja.

Bei? Utafiti unaochapishwa wazi hautozwi mwali. Malipo yako ni muda: kamati ya washauri husoma maombi, hutoa daraja na kugawa siku, na daraja la chini hukaa foleni hadi kuombwa upya. Ukumbi A na C zinafaa kwa mkondo mkubwa na spektromita sahihi, B kwa kunasa chembe nyingi kwa pamoja, D kwa fotoni. Asiyehitaji zaidi ya GeV 1.6 aanzie Mainz, na anayehitaji positroni (elektroni zenye chaji chanya) asubiri, kwani mashine ya sasa inatoa elektroni tu.