Kutembezwa Tanga kwa baiskeli: pesa yangu ilienda Ngamiani, sio kwa Mjerumani

Kwa wanaouliza kama ile huduma ya kuzungushwa Tanga mjini na mtembezaji kwa baiskeli inalipa, jibu langu ni inalipa, ila inategemea umemwambia akupeleke wapi. Ukikaa kimya utalishwa historia ya Mjerumani mpaka ukinai.

Nusu ya kwanza yote ni majengo: Boma la zamani, mnara wa saa, makaburi ya vita. Sisemi ni mbaya, ile stori ya vita vya Tanga, Novemba 1914, jamaa anaisimulia vizuri sana aisee, Waingereza wameshuka na askari kama 8,000 kutoka India, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ana watu kama 1,000 tu, halafu nyuki nao wakaingilia wakawa wanang'ata pande zote mbili, na mwisho Mwingereza akarudi melini kaacha bunduki na risasi ufukweni. Lakini hiyo unaisoma popote, na jua la saa sita makaburini halina mswalie.

Utamu unaanza mkivuka reli kuingia Ngamiani, kule barabara zina namba badala ya majina. Hapo mtembezaji akawa mtu mwingine kabisa, kila kona anasalimiwa, shikamoo haziishi, akatuonyesha mitaa walikokuwa wanapiga taarab vikundi vya Black Star na Lucky Star, wale walioingiza gitaa la besi na midundo ya kuchezeka mpaka Mombasa wakaiga, na mwimbaji Shakila alitokea humohumo. Tukakaa kibarazani tunakunywa chai na mzee mmoja aliyefanya kazi mashamba ya mkonge, na yule mzee ndo alinifungua macho kuliko mtembezaji mwenyewe. Mkonge uliletwa na Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, mwaka 1893 kutoka Florida, miche 1,000 ilisafirishwa ikapona 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani, na kutoka kwenye hiyo 62 reli na bandari zikapata mzigo, na mji ukapata watu wa kila kabila waliokuja kama manamba, vibarua wa mkataba, wakabaki wakaoa. Kisha nailoni ikaja bei ikaanguka, na mashamba yakataifishwa mwaka 1967. Mzee anasema baada ya hapo vijana wengi walihamia Dar, mji ukapoa.

Mambo ya sasa hivi yalipitishwa fasta mno. Bandari imechimbwa kina hadi mita 13, meli zinafunga gatini badala ya kushushia mzigo mbali kwenye matishari, na bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, hapohapo ng'ambo, yeye kaonyesha kidole tu akasema "kule ndo bomba" tukaendelea. Jamani! Watu wa Tanga wenyewe hawaongei kingine siku hizi. Na Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapo jirani 1909, hakutajwa kabisa mpaka nilipouliza mimi.

Baiskeli ni zile za kawaida, yangu breki ya nyuma ilikuwa ya kuombea dua, kagua kabla hujapanda. Bei mnapatana, usikubali ya kwanza.

Nampa nyota 4. Mwambie mwanzoni kabisa mwanzie Ngamiani asubuhi, mzee wa mkonge muongezewe muda, Boma mtalikuta jioni kukiwa na upepo.