TAHADHARI: Muuzaji wa "laptopu za saiti" anayekukataza kufungua vifuniko

Wadau mnaofanya kazi za nje, wapima ardhi, watu wa visima, mafundi mitambo, wale mnaochomeka kompyuta kwenye magari kusoma kodi za hitilafu za injini, hii ni yenu. Kuna muuzaji anazunguka mitandaoni na video kali za laptopu ngumu, anaimwagia maji, anaikanyaga na buti, anaisukuma idondoke toka juu ya boneti halafu anaiokota anaifungua inawaka. Video siyo feki, na mashine iliyomo kwenye video inawezekana kabisa ni nzima. Sema hiyo siyo utakayotumiwa.

Jina la ukurasa wake silitaji kwa sababu akishtukiwa tu anabadilisha, picha zile zile jina jipya, kwa hiyo jina halitakusaidia kitu, bora umjue kwa tabia zake. Na tabia yake kubwa ni moja: ndani ya boksi anaweka kikaratasi kwamba usifungue vifuniko vya pembeni wala sehemu ya betri "utaharibu sili" na waranti itakufa. Hapo hapo jua umepigwa. Vile vifuniko vimetengenezwa vifunguliwe kila siku, ndiko USB iliko, ndiko chaji inakoingia, sasa laptopu ambayo huruhusiwi kuchomeka chaji ni ya kufanyia nini, kupigia picha?

Timu yetu ya saiti walichukua mzigo kwake, na vifaa natunza mimi so zikaishia mezani kwangu. Tangazo lilisema Toughbook CF-31, laptopu ngumu ya Panasonic. Kwa nje zilikuwa safi mno na hilo ndo lilinitia mashaka, maana CF-31 ilitoka 2010 na imeuzwa miaka mingi kwa watu wa kazi za shuruba, zinazorudi sokoni huwa na makovu, kona zimekwanguka mpaka chuma cha magnesiamu kinaonekana, mpini umekuwa laini kwa kushikwa. Hizi zilikuwa zinang'aa. Nikatoa betri nikakwangua kwa ukucha kwenye ukingo wa ndani, rangi ikabanduka kama ganda la yai lililochemshwa na chini yake makovu yote yapo, pamoja na gundi ya stika ya zamani ambayo hata hawakuhangaika kuitoa.

Halafu nikafungua kifuniko cha matundu ya USB. Aisee. Ile raba nyembamba inayozunguka mdomo wa kifuniko haipo, mahali pake kuna silikoni ya kuzibia madirisha na masinki, imepakwa kwa kidole (alama za kidole zinaonekana kabisa) na inanuka siki. Ile harufu ya siki siyo ya kuichukulia poa, silikoni ya aina hiyo ikiwa inakauka inatoa asidi na asidi inakula shaba, yaani huyu jamaa hajaziba maji tu vibaya, ameweka kitu kinachotafuna matundu yenyewe taratibu. Na bawaba ya kifuniko imegundishwa, ukifungua na kufunga mara chache inakubakia mkononi. Sasa ndo nikaelewa kile kikaratasi.

Kwa wasiojua, zile namba za IP, zinazoonyesha kifaa kinazuia vumbi na maji kiasi gani, zinasomwa hivi. Tarakimu ya kwanza ni vumbi na mwisho wake ni 6, ya pili ni maji. CF-31 ilitoka kiwandani na IP65, maana yake vumbi haliingii na inavumilia maji ya kurushwa na bomba. Ila hiyo namba ni ya mashine yenye raba zake zote na vifuniko vimefungwa. Fundi akishaifungua akarudisha bila raba mpya au raba imekaa upande, ile 65 imebaki kwenye makaratasi. Ndo maana kununua mtumba wa laptopu ngumu kwa kuangalia namba ya IP bila kuangalia raba ni kazi bure. Zipitishie kidole zote, inatakiwa iwe laini na inabonyea, ikiwa ngumu ina mipasuko au imekatika pembeni basi hiyo ni laptopu ya kawaida yenye uzito mwingi.

Na mtu akikuandikia IP68 kwa herufi kubwa muulize mita ngapi na dakika ngapi. Tarakimu ya maji ikiwa 7 kipimo kinajulikana, mita 1 kwa dakika 30, lakini kwenye 8 mtengenezaji mwenyewe ndo anatakiwa aseme kina na muda, akishindwa kusema basi hiyo namba kaiokota tu. Halafu kifaa cha 7 hakimaanishi kinavumilia maji ya kurushwa na bomba, hivyo ni vipimo viwili tofauti, kwa maji ya bomba unahitaji 5 au 6, na wewe unayeosha mitambo na mashine ya presha kipimo chako ni 9.

Stika nyingine anayoipenda ni MIL-STD-810, ameibandika hadi kwenye laptopu za kawaida alizozivisha kava la raba, maana anauza na hizo pia. Hichi ni kitabu cha vipimo cha jeshi la Marekani, toleo G ni la 2008 na H la 2019, na jeshi halitoi cheti kwa laptopu ya mtu yeyote. Mtengenezaji anachagua vipimo anavyotaka, anapima mwenyewe au anampa maabara, halafu anasema tumepita. Kwa hiyo "imepita MIL-STD" peke yake haisemi kitu, imepita kipi? Kuanguka? Mtetemo? Mchanga? Joto? Kile cha kuanguka kinachotajwa sana ni mara 26 toka sentimita 122, pande 6, kingo 12, kona 8, na kanuni inaruhusu kugawana hizo 26 kwenye mashine mpaka 5, siyo lazima moja ipigwe zote. Sisemi kipimo ni kibaya, makampuni makubwa yanakuwekea orodha ya vipimo waziwazi kwa kila modeli. Huyu ukimuuliza anakutumia tena ile video ya buti.

Sasa tuje ndani. Tangazo lilisema Core i7, na ukifungua ukurasa wa taarifa za mfumo kwenye Windows kweli unasoma i7. Nikaweka CPU-Z ambayo inaisoma prosesa yenyewe moja kwa moja, ikasema i5 kizazi cha kwanza. Jina unaloliona kwenye Windows linaweza kuandikwa upya na kiskripti kidogo kinachojiwasha kila ukiwasha mashine, na nilikikuta kwenye orodha ya vitu vinavyoanza na Windows kimepewa jina la kama drava ya sauti. Ukitaka ukweli bila kuweka programu yoyote zima, washa, bonyeza F2 uingie BIOS, ile programu ya msingi ya mashine inayowaka kabla ya Windows, huko hajafika.

Hili la kizazi lina uzito kuliko wengi wanavyodhani, CF-31 ina matoleo kadhaa yanaitwa Mk1 mpaka Mk5, nje zinafanana, ndani ni toka prosesa za kizazi cha 1 hadi cha 5. Hakuna hata moja inayofikia masharti ya Windows 11, ambayo inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kwa Intel kuanzia kizazi cha 8, na Windows 10 ya kawaida iliacha kupata matengenezo Oktoba 14, 2025. Yeye anaweka 11 kwa kuiruka ile hatua ya ukaguzi, inawaka vizuri tu, ila Microsoft haikuhakikishii masasisho kwa mashine ya namna hiyo. Kama unaitumia kwa programu ya zamani ya mtambo kupitia lile tundu la siriali na haigusi intaneti, sawa, hata Mk1 itakufaa na wala sikucheki, hizo mashine zina maisha marefu. Ila ulipie kama Mk1.

Kioo. Zile zenye skrini ya juani zinafika niti 1200 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo) na hiyo ndo sababu kubwa ya mtu wa nje kuzitaka, laptopu za ofisini nyingi ziko kwenye 250 hivi. Kwenye mzigo wetu baadhi zimewekwa vioo vingine kabisa, ndani ya ofisi huoni tofauti, ukitoka jua la mchana unajiona uso wako tu. Ukipelekewa mashine usiipimie sebuleni wala dukani, toka nje saa sita, mwanga wote juu, fungua ramani yenye rangi nyeusi nyeusi uone kama unasoma. Na kama alisema ni tachi vaa glovu zako za kazi uiguse pale pale.

Betri nitapita haraka, kuna komandi ya powercfg /batteryreport inakuonyesha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa, itumie lakini usiiamini peke yake, chipu ya betri inaweza kurudishwa namba zionekane mpya. Za kwetu ripoti ilikuwa nzuri kabisa halafu zikazima ghafla zikiwa zinaonyesha zaidi ya nusu. Chomoa chaji, iache ifanye kazi mpaka iishe, hakuna njia ya mkato.

La mwisho ndo linaweza kukuletea matatizo makubwa kuliko hasara. Laptopu za aina hii nyingi zinamilikiwa na makampuni na mashirika, zinakuwa na paswedi ya msimamizi kwenye BIOS na wakati mwingine kile kifuatiliaji cha Absolute ambacho kinakaa kwenye mazabodi (bodi kuu ya ndani), ukifomati diski hakitoki, mwenye mali akiamua anaifunga akiwa huko huko aliko. Linganisha serial namba ya lebo iliyo chini ya mashine na ile inayosomeka BIOS. Kwetu kuna ambazo hazikufanana, yaani mazabodi ya mashine moja kwenye ganda la nyingine, na moja inadai paswedi ambayo muuzaji anasema "nitakutumia" mpaka leo.

Tulipombana alianza na voisi ndefu za upole, akaja na kwamba tutume hela ya usafiri kwanza ndo abadilishe, kisha akatubloku. Hiyo hela ya usafiri msitume.

Kama tayari unayo ya kwake usiikarabati kwanza. Rekodi video ukiwa unafungua vifuniko, piga picha ya lebo na ya BIOS, tunza boksi, kile kikaratasi, risiti ya muamala na chati zote bila kufuta, halafu peleka malalamiko polisi na kwa huduma uliyolipia mapema uwezavyo kwa sababu nyingi zina muda maalum wa kudai. Ukurasa wake wa sasa una ile video ya boneti imebandikwa juu kabisa, gari jeupe, buti za njano.